Kofia Kwenye Swichi

Wanafunzi wa chuo cha ufundi walimwita Mama Kufuli. Alijua, na wala hakukasirika. Alikuwa na mengine mengi ya kumkasirisha: mwanafunzi anayeingia karakanani na kandambili, spana inayorudishwa kabatini na grisi zake, na mtu anayejibu "nadhani" akiulizwa kama umeme umezimwa. Jina lile alilipenda, ingawa kukiri asingekiri. Muhula ukianza, walimu wenzake wakiagiza madaftari na rula, yeye aliagiza kufuli. Kila mwanafunzi aje na yake, yenye ufunguo mmoja, si funguo mbili. Baba mmoja aliwahi kumuuliza kama watoto wanasomea ufundi au ulinzi wa getini. Mama Kufuli akamjibu kwamba wanasomea vyote viwili, ila geti lenyewe ni la kaburini. Yule baba akaenda zake dukani kununua kufuli.

Somo lake la kwanza halikubadilika mwaka hata mwaka. Kabla hujaingiza mkono au kichwa ndani ya mashine, zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli yako mwenyewe, ufunguo utie mfukoni mwako mwenyewe. Si mfukoni mwa rafiki, si juu ya meza. Somo la pili lilifuata hapo hapo: kwenye swichi pananing'inia kitu kimoja tu, nacho ni kufuli. Ukikuta tambara, ukikuta mfuko, ukikuta hata koti la mkuu wa chuo, toa, kung'uta, peleka mahali pake. Kitambaa kikikaa karibu na umeme penye vumbi, cheche moja inatosha kuteketeza jengo. Wanafunzi waliimba maneno hayo kwa pamoja mpaka wapita njia wakawa wanayajua.

Lilikuwa somo zuri, na watu wengi wazima wanatembea leo kwa sababu yake. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani kwamba mwanamke huyu alikuwa mzembe. Mzembe angekuwa na hatari ndogo zaidi, kwa maana mzembe hasikilizwi na mtu.

Ukali wake ulikuwa na chanzo. Alipokuwa yeye mwenyewe mwanafunzi, chuo chao kiliwapeleka kujifunza kazini kwenye kiwanda cha kusokota nyuzi. Msichana aliyekuwa akikaa naye chumba kimoja aliingiza mkono kutoa nyuzi zilizokwama, na mtu wa upande wa pili, asiyemwona, akawasha. Msichana yule alipona, ila kalamu alianza kuishikia mkono wa kushoto. Mama Kufuli hakupenda kuisimulia habari ile. Alichofanya ni kununua kufuli.

Ila ufundi wenyewe aliupata kwanza nyumbani, kwa kaka yake. Baba yao alifariki mapema, na kaka mtu, ndevu zenyewe hazijaota sawasawa, akaacha shule akaenda kubeba magunia kwenye kiwanda cha vyakula vya mifugo ili mdogo wake asome. Jioni alirudi mweupe kwa unga hadi kwenye kope, na mara nyingi mkononi ana kitu kilichokufa, pampu au mota ndogo. Walikaa sakafuni wakakifungua pamoja, yeye akishika tochi na kaka akimwachia askurubu ya mwisho aifungue mwenyewe. Miaka ikaenda. Mdogo akawa mwalimu wa mitambo, na kaka, kutoka chini ya magunia, akapanda taratibu mpaka akawa msimamizi wa mafundi wa kiwanda kile kile. Alikuwa mtu mpole, mwenye kucheka kwa mabega bila kutoa sauti, na hapakuwa na kitu duniani alichojivunia kuliko mdogo wake huyu. Mtu akimpinga jambo kazini, alimwambia: "Ngoja nimuulize mwalimu wangu."

Sasa, chuo cha ufundi bila mahali pa kwenda kufanyia kazi ni nusu ya chuo. Mama Kufuli aliliimba hilo kwenye kila kikao cha walimu mpaka wakawa wanaangalia dari. Mashine za chuoni ni za upole, alisema, zinasubiri mwanafunzi amalize kuandika. Mashine za kazini hazimsubiri mtu. Huko ndiko mtoto anapojua uzito wa gunia, ukali wa msimamizi, na namna ya kunywa chai ikiwa bado inachemka kwa sababu kengele inakaribia kulia. Kwa hiyo alivaa viatu vyake vya kutembelea akapita kiwanda kwa kiwanda kuomba nafasi. Wengi walimkatalia mlangoni. Wengine walikubali, kisha wakawageuza wanafunzi kuwa watu wa kutumwa sigara. Mwishowe akaenda pale ambapo kwa miaka yote hakutaka kwenda, maana hakutaka kuonekana anapita mlango wa nyuma. Akaenda kwa kaka yake.

Kiwanda kilikubali mara moja. Kabla ya kuwapeleka wanafunzi, Mama Kufuli alikwenda kukagua mazingira, kama ilivyompasa. Kaka yake alimtembeza mwenyewe: ghala la mahindi, vinu vya kusagia, kisha mtambo mkubwa wa kuchanganyia, pipa la chuma lililolala ubavu, refu kuliko lori, na ndani yake mapanga ya chuma yanayozunguka kugeuza unga. Mlango wa kuingilia ulikuwa juu, unapandwa kwa ngazi. Swichi yake ilikuwa chini, kwenye chumba cha pembeni, mahali ambapo mtu aliyeko ndani ya pipa haonekani wala hasikiki.

Chumba cha swichi kilikuwa chembamba na chenye joto, na ukutani palikuwa na masanduku ya chuma, kila moja na mpini wake. Kwenye mpini mmoja palikuwa pametundikwa kofia ya buluu iliyochujuka.

"Kaka, hii ni nini?"

"Kofia," akajibu.

"Naona ni kofia. Inafanya nini hapa?"

"Inafanya kazi, mwenzangu. Fundi yuko ndani ya kinu anakwangua. Akiingia anazima, anatundika kofia yake. Akitoka anaivaa. Swichi yenye kofia haiguswi na mtu, hata meneja, hata mwenye kiwanda mwenyewe aje na suti yake."

"Na kufuli?"

Kaka mtu akacheka kwa mabega. Kufuli walikuwa nazo zamani, akaeleza. Fundi mmoja akafunga mtambo, akapata habari ya msiba, akaondoka mbio na ufunguo mfukoni. Kiwanda kikalala. Meneja akaagiza msumeno, kufuli ikakatwa, na tangu hapo meneja akisikia neno kufuli anashika kichwa. Mafundi wakarudi kwenye kofia zao, na kofia hazikuwahi kumdhuru mtu.

"Bado," akasema Mama Kufuli. "Upepo ukiiangusha je?"

"Upepo gani humu? Humu hata pumzi tunagawana."

"Na mtu mgeni?"

"Mgeni tunamwambia siku ya kwanza, hata choo hajaoneshwa. Na wanafunzi wako nitawaambia mimi mwenyewe."

Hapo ndipo Mama Kufuli alipopandwa na ukali wake. "Usiwaambie!"

"Nisiwaambie?"

"Ukiwaambia wataiamini. Wakiiamini wataibeba waende nayo kila watakapoajiriwa. Mimi nimewafundisha kufuli, kaka. Siwaleti kazini waokote tabia mbovu. Waache wafunge kufuli zao mbele yenu, na nyinyi mtundike kofia zenu mbele yao, mpaka mwone aibu muache. Chuo nacho kina la kuwafundisha watu wa kazini, si kupokea tu."

Kaka yake aliitazama ile kofia kwa muda. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole, na dada yake siku zote alikuwa anamaliza kabla yeye hajaanza. "Lakini wasipojua maana yake," akasema, "nadhani..."

"Usiniambie nadhani, kaka."

Akacheka tena, akainua mikono. "Haya, yameisha. Mwalimu wao ni wewe. Nitawaambia na wenzangu wafunge midomo."

Akatimiza. Laiti angekuwa mtu wa kuahidi na kusahau, kama walivyo kaka wengi! Lakini huyu akishaahidi ameahidi. Aliwakusanya mafundi wake akawakataza wasiwaambie wanafunzi habari za kofia, kwa kuwa mwalimu wao ana mpango wake, na mwalimu wao ni msomi. Mafundi wakaguna, wakakubali.

Wanafunzi wakaingia kazini. Aliyekuwa kinara wao ni binti mmoja mwembamba ambaye wenzake walimwita Nadhifu. Kila kitu chake kilikuwa kimenyooka: nywele zimefungwa, ovaroli imepigwa pasi, spana zimepangwa kwa ukubwa. Maneno ya mwalimu wake aliyachukua kama yalivyo, hakupunguza wala kuongeza. Mama Kufuli hakuwa na watoto, na hakuwa mtu wa kuonesha mapenzi hadharani, lakini kila aliyekuwa na macho aliona kwamba huyu ndiye wake.

Siku chache hivi zilipita kwa amani. Hata hivyo Mama Kufuli hakuwa na raha. Alilala akiamka, na akiamka alikuwa na ile hali ya mtu aliyeacha jiko linawaka nyumbani na hakumbuki kama ameacha kweli. Alikagua karakana, akakagua milango, akapekua mkoba wake. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Alimgombeza mpishi wa chuo kwa jambo la kijinga, na baadaye akamwomba radhi, jambo lililomtisha mpishi kuliko ugomvi wenyewe.

Asubuhi moja alikuwa anawafundisha wanafunzi wapya. Wameshaimba somo la kwanza, wakaingia la pili, na yeye akawa anawaongoza kwa chaki mkononi. "Kwenye swichi pananing'inia nini?" "Kufuli!" "Ukikuta tambara?" "Toa!" "Ukikuta mfuko?" "Toa!" Kijana mmoja mcheshi kule nyuma akapaza sauti, "Na kofia je, mwalimu?" Darasa zima likamjibu kwa furaha: "Toa!"

Chaki ikamponyoka.

Alisimama akiangalia ubao, na darasa likanyamaza kidogo kidogo, kila mmoja akidhani amekosea yeye. Sasa alijua jiko lilikuwa limewaka wapi. Alikuwa amewapeleka watoto waliofundishwa kuondoa kila kitu kwenye swichi, mahali ambapo kofia ndiyo inayomlinda mtu asisagwe. Tena alikuwa amehakikisha kwamba hakuna wa kuwaambia.

Akatoka nje ya darasa, akapiga simu. Kaka yake akapokea katikati ya kelele za vinu.

"Nani? Ongea kwa nguvu!"

"Mimi, kaka!"

"Aa, mwalimu! Habari za huko?"

Maneno yalikuwa yamefika mdomoni. Waambie habari za kofia, sasa hivi, wakusanye wote. Ni maneno machache tu. Lakini ili kuyasema ilimpasa aseme kwanza kwamba kaka alikuwa sahihi na yeye amekosea, na hilo alikuwa hajawahi kulisema maishani mwake, na kulisema kwa kupiga kelele kwenye simu, mkuu wa chuo akipita na kikombe chake cha chai, hakuweza; aliona bora aliseme kwa utulivu. Kesho ilikuwa siku yake ya kwenda kukagua wanafunzi. Kesho si mbali.

"Nilitaka kukusalimia tu! Kesho nakuja!"

"Karibu sana! Halafu huyu binti yako Nadhifu, mashallah! Tangu aje, chumba cha swichi kinang'aa! Anafuta mpaka..."

Kelele zikameza maneno, simu ikakatika. Mama Kufuli alipiga tena, haikupokelewa. Akasimama na simu mkononi, akajiambia kwamba binti ana akili, atauliza kwanza. Akajiambia kwamba kaka yupo, anaona kila kitu. Akarudi darasani akaokota chaki, lakini somo la pili hakulimalizia.

Kesho yake alitoka mapema. Langoni pa kiwanda bawabu alimpokea kwa maneno mengi. Alimuuliza habari za nyumbani, akamlalamikia goti lake, akaufungua mkoba wa mgeni akauchungulia taratibu kama kwamba hajawahi kumwona. Mama Kufuli, ambaye siku nyingine angempa vidonge vyake, alijibu ndiyo, ndiyo, na macho yake yako ndani. Uwanja ulikuwa umejaa malori yanayopakia. Wafanyakazi walikuwa wanatoka chai, wanafuta midomo, wanataniana. Mwendesha mtambo, bwana mnene waliyemwita Radi kwa sababu ya sauti yake, alimpungia mkono kwa mbali akashika njia ya kuelekea chumba cha swichi.

Ndipo Nadhifu akatokea kwenye kona ya ghala. Alitembea kwa adabu, ovaroli yake safi, na alipomwona mwalimu wake uso ukamchangamka. Mkononi alikuwa ameshika kofia ya buluu, anaikung'uta unga kwa vidole, anainyoosha ukingo wake. Kwa dakika moja ya kijinga Mama Kufuli alijisikia fahari. Aliwaza: tazama mtoto anavyotunza kitu cha mtu.

"Shikamoo mwalimu."

"Umeitoa wapi?"

"Kwenye swichi ya mtambo, mwalimu. Nilikuwa nafagia. Ni ya msimamizi, ameisahau. Nampelekea kwenye ndoano zao."

Mama Kufuli alimsukuma pembeni akakimbia, mwanamke wa makamo na viatu vya kutembelea, kati ya malori na magunia, akipiga kelele jina la utani la mtu aliyekuwa karibu kufika kwenye ule mlango. "Radi! Radi! Usiguse! Radi!" Watu waligeuka kumshangaa. Wengine walicheka, maana hawakuwahi kumwona mwalimu akikimbia. Malori yalikuwa yananguruma, vinu vya kusagia vilikuwa vinanguruma, na Radi, ambaye siku zote alisikika kwa kila mtu, yeye mwenyewe hakusikia kitu. Aliingia chumba cha swichi akatazama mpini. Hapakuwa na kofia. Akafanya kama alivyofanya kila siku ya maisha yake ya kazi.

Mtambo ule ukiwa mtupu huanza kwa mluzi mwembamba. Mama Kufuli alikuwa ameusikia siku ile ya ukaguzi, na kaka yake alimwambia kwa kujigamba kwamba mafundi wanaujua mtambo wao kwa mluzi huo. Safari hii haukupiga mluzi. Ulianza kwa kugugumia, ukasita, ukaendelea.

Yaliyofuata yalisimuliwa na wengine. Yeye alikumbuka tu kwamba ni mkono wake uliouvuta mpini chini, na kwamba Radi alikuwa amekaa sakafuni amejishika kichwa, akisema, "Haikuwepo kofia, mwalimu, haikuwepo," na kwamba watu waliopanda ngazi walishuka mmoja mmoja bila kutazamana.

Nyumbani kwa marehemu walikaa watu wengi kwenye viti vya kuazima, na waliokosa viti wakakaa mkekani. Mjane aliketi karibu na dirisha, amenyooka, hajalia tangu asubuhi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na Mama Kufuli, wifi yake, alikuwa pembeni yake amemshika mkono. Watu walimsifu kwa kumkalia karibu namna ile. Kumbe hakuwa anamshika, alikuwa anajishikilia.

Meneja wa kiwanda alikuja akasema maneno mazuri. Kisha, kwa sauti ya chini ila si ya chini sana, akaeleza kwamba uchunguzi unaonesha mwanafunzi aliingilia kitu asichokijua. Mkuu wa chuo akaitikia kwa masikitiko. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba binti yule ataondolewa chuoni, na kama polisi watamtaka, chuo hakitasimama katikati. Mambo yalikuwa yamepata pa kuangukia. Mama Kufuli aliyasikia yote. Yeye ambaye hakuwahi kumwachia mtu neno la mwisho, aliitazama mikeka.

Alasiri Nadhifu akaja, ameletwa na baba yake. Nywele zilikuwa zimefumuka, na ovaroli ameivaa vile vile, kama mtu asiye na nguo nyingine. Alipiga magoti mbele ya mjane, akajaribu kusema akashindwa, ikabidi baba yake aseme kwa niaba yake.

Mjane alimwangalia. "Binti," akasema, "uliambiwa maana ya ile kofia?"

"Hapana, mama."

"Hata mtu mmoja hakukwambia?"

"Hapana, mama. Haki ya Mungu, ningeambiwa nisingeigusa."

Mjane akageuza shingo taratibu. "Wifi, wewe ndiye mwalimu wao. Na kaka yako ndiye aliyekuwa msimamizi. Mgeni akija pale huwa anaambiwa, hata mimi niliwahi kwenda kumpelekea chakula nikaambiwa. Kwa nini hawa hawakuambiwa?"

Watu wote wakamtazama. Meneja akamtazama, na mkuu wa chuo, na yule binti aliyepiga magoti, ambaye machoni mwake mlikuwa bado na imani ile ile ya darasani, kwamba mwalimu akifungua mdomo jambo linanyooka. Ukweli ulikuwa mfupi. Alitaka kuwaambia, mimi nikamkataza. Aliuhisi kwenye ulimi wake kabisa. Akaiona kazi yake ikienda, na chuo, na viwanda vyote vikifunga milango, na uso wa mjane huyu ukigeuka. Akatafuta njia nyingine, akaiona, na ilikuwa pana na yenye huruma. Ingemwokoa hata binti.

"Labda kaka alisahau," akasema. "Siku hizi alikuwa na mambo mengi."

Chumba kikashusha pumzi. Meneja akatikisa kichwa kwa uzito, kwamba ndiyo, inawezekana kabisa, mzigo wa kazi ulikuwa mkubwa. Baba wa binti akafuta macho akasema binadamu tunasahau, ndivyo tulivyoumbwa. Mama mmoja wa jirani akakumbuka jinsi marehemu alivyowahi kusahau mwavuli kwake. Nadhifu akainua uso, na kwa mara ya kwanza akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Akatambaa kwa magoti mpaka kwa mwalimu wake, akaushika mguu wake. "Ahsante, mwalimu," akawa anasema, "ahsante, mwalimu."

Mjane alimwinamia wifi yake, karibu kabisa, na waliokuwa wakitazama walidhani anamfariji.

"Jioni ile mliyokubaliana," akamnong'oneza, "alirudi hapa hakula. Aliniambia, mdogo wangu amenikataza kuwaambia watoto, na roho yangu haitulii. Nikamwambia waambie tu, yeye atajuaje? Akakataa. Akasema hawezi kukuvunjia heshima mbele ya wanafunzi wako."

Mama Kufuli alitaka kuutoa mkono wake, mjane akauzuia.

"Niliyajua yote kabla sijakuuliza, wifi. Nilikuuliza mbele za watu ili useme mwenyewe."

Kisha akamwachia mkono, akainuka, akawageukia wageni wake. Sauti yake ilikuwa imetulia, na kila mtu aliisikia mpaka waliokuwa uani.

"Binti huyu hana kosa. Arudi chuoni akasome. Mume wangu alisahau." Akamwonesha Mama Kufuli kwa kiganja kilicho wazi. "Dada yake ndiye aliyesema, na yeye ndiye anayemjua."